Udongo wa Zizi, Udongo wa Shamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaanga udongo wa mteja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nimetoka kidato cha nne na kiburi chake, nikaajiriwa msaidizi katika maabara ndogo ya wakulima mjini Kitale, ambayo siku hizi haipo. Mkuu wa Maabara alinipa mfuko wa udongo mbichi, akasema, "Kausha huu," akaenda mkutanoni. Nje kulikuwa na jiko la chai. Nikatafuta sufuria.

Nyinyi vijana mjue kwamba udongo wa kupimwa huanikwa kivulini, juu ya karatasi safi, siku mbili tatu. Moto huvuruga chakula cha mmea kilichomo, na majibu yanatoka ya uongo. Mkuu wa Maabara aliporudi alichungulia sufuria, akakoroga kidogo.

"Chumvi umetia?"

Nikatikisa kichwa.

"Si ungetia tu. Sasa utaenda mpaka kwa mwenyewe, umwambie ulichofanya, na ulete mwingine."

Mwenyewe alikuwa Mama Nekesa, mjane wa upande wa Mabanga, kijiji cha pili kutoka kwetu Bungoma. Mimi ni mtu wa kupenda nyumbani, kwa hivyo adhabu hiyo niliipokea kama likizo. Yeye hakuwa na likizo. Misimu mitatu mahindi yake yalikuwa yakidumaa, majani yakigeuka zambarau, na mashemeji walikuwa wamemwambia kwamba wa nne ukiharibika, watapanda miwa pale na yeye arudi kwao.

Nilimweleza kosa langu. Alinitazama, kisha akauliza, "Na ulikuwa uule na mboga gani?"

Nikamwomba anionyeshe alikochimba. Akanipeleka nyuma ya nyumba, mahali ambapo ng'ombe wa marehemu walilala miaka na miaka.

"Lakini Mama, hapa ni zizi."

"Najua. Kwani wewe ukienda hospitali huogi? Ati nibebe ule udongo mbaya mpaka Kitale, watu wanione aje?"

Baadaye nilikuja kujua kwamba wakulima wengi walifanya hivyo: walituletea udongo uliovaa nguo za kanisani. Kama ule wa zizi ungefika salama mezani, karatasi ingesema shamba lina afya, naye angepanda vilevile kama zamani.

Tulipita shambani kwa mwendo wa mlevi, kushoto, kulia, tukichimba kina cha shibiri moja kila baada ya hatua kadhaa, tukikwepa vichuguu na majivu. Tulichanganya udongo wote kwenye ndoo safi, tukabakiza wa kujaza mfuko mdogo. Mama Nekesa aliufunga haraka, kama anayeficha nguo iliyotoboka.

Majibu yalionyesha asidi nyingi. Udongo wa namna hiyo hushika mbolea ya dukani, mahindi yasiipate. Mkuu wa Maabara akaagiza chokaa ya kilimo, na ile samadi ya zizini isambazwe shambani.

"Andika vizuri," akaniambia. "Mwandiko wako ni kama mapishi yako."

Msimu wa nne hayakuwa mahindi ya kupeleka maonyesho, lakini yalikuwa ya kijani, na yalibeba.

Miaka ya tisini nilihamia Bungoma. Chini ya Ofisa wa Maji nilipima visima, kisha chini ya Ofisa wa Mifugo nikapima majani ya ng'ombe, niseme kama yana lishe au yanajaza tumbo tu. Uhamisho wa mbali ulipotajwa, mgongo wangu uliuma mpaka uhamisho wenyewe ukasahaulika. Nilistaafu nikiwa bado nalala kitandani mwangu.

Mama Nekesa hakuondolewa. Leo wajukuu wake ndio wanalima pale. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu jinsi karatasi moja ilivyookoa shamba. Juzi nilimsimulia mzee mwenzangu, Baba Wafula, ambaye shamba lake limepakana na lile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mimi nilikuwa hapo, bana. Mahindi yalipokuwa mazuri ndio mashemeji walilitaka shamba zaidi. Walikuja watatu, na huyo mama akasimama mbele yao kwa mpaka wa shamba, jembe mkononi, hadi wakarudi. Hiyo karatasi yako hakuna mtu aliisoma."