Mama wa Mibono wa Mwandiga

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Mwandiga, nikaambiwa kwamba yule mama mkulima wa mbono, ambaye baadhi yenu wasomaji wangu mmefulia sabuni yake bila kumjua, amefariki dunia. Aliugua kifua kwa muda mfupi tu. Nilimfahamu tangu tulipokuwa majirani Buzebazeba, akiuza mawese, kabla hajahamia kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Jina sitalitaja, mwenyewe hakupenda kutajwa. Ila naandika nikijivuna kwamba alikuwa mtu wa kwetu.

Shamba lile lilikuwa mlima wa changarawe. Mahindi yalikauka kabla hayajafika magotini. Kisha wakaja wanunuzi kutoka mbali, wakawaambia wakulima wapande mbono, kichaka kinachostahimili ukame na ambacho mbuzi hawakigusi, kwani mbegu zake zina mafuta ya kuendeshea mitambo. Wangezinunua zote. Kwetu mbono hupandwa makaburini, kwa hiyo shemeji yake alimjia juu. "Shemeji, unapanda makaburi shamba zima? Unamwita nani?" Akamjibu, "Namwita mnunuzi," akaendelea kuchimba mashimo.

Mbegu zilipokomaa, wanunuzi hawakuonekana, na simu zao hazikupatikana tena. Majirani waling'oa mibono yao kwa hasira, wakaichoma. Nilimtembelea wakati huo, moshi umetanda mlima mzima, nikamshauri naye ang'oe. "Ning'oe nipande nini, mwanangu?" akaniuliza. "Mahindi yalishanikataa. Huu mti umenikubali." Magunia ya mbegu yalikuwa yamejaza chumba chake, mwenyewe amehamia kulala sebuleni.

Alibeba gunia moja hadi kwenye mashine ya kukamulia mawese. Mwenye mashine akakataa, na alikuwa na haki, kwa sababu mbono ni sumu na mashine ile ilikamua mafuta ya watu kula. Hapo wengi wetu tungekata tamaa. Yeye akaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa familia iliyotoka Burundi ikalowea hapa, akamwomba amtengenezee mashine yake mwenyewe. Fundi akatumia jeki ya lori bovu na kipande cha bomba. Nilikuwepo siku ya kuijaribu. Bomba lilipasuka, mbegu zikaturukia usoni. Fundi akainamisha kichwa, "Mama, unisamehe." Mama akacheka. "Nikusamehe nini? Huoni vidole vyangu vinavyong'aa? Mafuta yametoka hayo. Chomelea tena!" Fundi akatafuta bomba nene zaidi, akachomelea. Safari hii mafuta ya manjano yalichuruzika ndani ya ndoo, na yule mama akapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakatoka nje kuuliza nani anaolewa.

Kwa kuwa mafuta yale hayaliwi, aliamua kuyafanya sabuni, na kazi hiyo alijifunza kwa kuharibu. Ya kwanza, aliyoizidishia magadi, ilimchubua mikono, akaizika shimoni. Ilipokaa sawa, wanawake wa Kagunga, kule ziwani, wanaofua nguo zilizoshiba harufu ya dagaa, wakawa wanaiagiza kwa boti. Ndipo majirani walioichoma mibono yao waliporudi kuomba vipandikizi. Aliwakatia wote, hakumsimanga hata mmoja. Vilivyonyooka zaidi alivichagua yeye mwenyewe, akampa shemeji yake.

Tumemzika jana, na mlima ule wa changarawe leo ni kijani toka chini hadi juu. Sisi wa mkoa huu tumezoea kusubiri: tunasubiri meli, tunasubiri reli, tunasubiri tajiri fulani aje atuambie mali yetu ina thamani gani. Asipokuja, tunang'oa. Yule mama naye alisubiri, akasahaulika kama wenzake, na iliuma. Niliuona uso wake siku ile ya moshi. Lakini alikataa kuamini kwamba mbegu zimekuwa takataka kwa sababu tu mnunuzi amezitupa. Wageni waliondoka na ahadi zao. Kilichobaki mikononi mwetu, ndugu zangu, tukikamue wenyewe.