Bi Thoa Hataki Maua ya Lori

Jua bado halijachomoza juu ya Ziwa Magharibi, lakini Bi Thoa amekwishaingia bwawani na mtumbwi wake wa bati. Anakata mayungiyungi kabla hayajafunguka, maana yakifunguka harufu yake huenda na upepo. Mikono ina kazi, na mdomo pia.

"Waangalie," anasema, akiyaonyesha kwa kisu matrekta ya watu wa hoteli yaliyoegeshwa ukingoni. "Hata aibu hawana!"

Bi Thoa, 63, hutia chai harufu ya yungiyungi, kazi aliyoachiwa na mama yake. Kilo moja ya chai hula maua karibu elfu. Huyapasua, akatoa chembe nyeupe anazoziita mchele, akazilaza na majani ya chai tabaka kwa tabaka.

Rasi hii ya Quảng An, hapa Hanoi, ilikuwa mabwawa na bustani. Zikaja nyumba za kupangisha wageni, zikaja hoteli, na sasa kila mwenye viti viwili anauza kahawa na mandhari. Bwawa hili alilokodi ndilo la mwisho kwake. Mwezi ujao linafukiwa liwe maegesho ya hoteli. Eti maendeleo! Inaudhi.

Kilichomchoma zaidi ni ugeni wa majuzi. Meneja wa hoteli hiyo, kijana aitwaye Quyết, alimletea kapu la matunda na ombi: avae hariri, akae ukumbini, awaonyeshe wageni chai inavyotiwa harufu.

"Kwa maua gani, mwanangu?" akamuuliza.

"Usijali, shangazi. Lori litayaleta kutoka mkoani. Makubwa kuliko haya!"

"Yananukia?"

"Wageni wanapiga picha tu, shangazi. Nani atanusa?"

Bi Thoa akamsukumia kapu lake. "Unafukia bwawa langu, halafu unataka niigize kana kwamba lipo? Mwambie bosi wako avae hariri yeye!"

Tangu siku hiyo, kila akimaliza kuvuna, huchimba mizizi na kuipandikiza katika mitungi juu ya paa la nyumba yake. Huu si msimu wa kupandikiza. Msimu ni baada ya Tết, mwaka mpya wao. Mizizi mingine imeshaoza.

"Dada, mitungi hiyo haitakupa hata robo kilo," jirani yake, Bi Hợi, anamcheka kutoka dirishani.

"Nani kasema nataka kilo? Nataka birika moja."

Kila mwaka chai ya kwanza huiweka kwenye madhabahu ya marehemu wazazi wake kabla hajauza hata chembe. Anaomba mtungi mmoja tu ushike.

"Mgeni wa hoteli mdanganyeni mpendavyo," anasema, akifuta tope mikononi. "Mama yangu, hapana. Yeye hunusa kwanza."