Mguu wa Wekoye Kwenye Nyasi za Kitale

Kuna watu wanaojua kucheza gofu, na kuna watu wanaoijua gofu yenyewe. Wekoye wa Myanga alikuwa wa kundi la pili, na anayetaka kubisha azunguke Bungoma nzima akiuliza. Atarudi amenyamaza.

Kazi yake tangu mwaka wa sabini na nane ilikuwa kuburuta mchanga. Usicheke. Katika kiwanja kidogo cha gofu cha kampuni ya sukari hapakuwa na nyasi laini kuzunguka shimo kama mnazoona kwenye kalenda. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya trekta, upepo usije ukaubeba, na shimo katikati. Mchezaji akifika hapo, Wekoye alipita mbele yake akiburuta bomba refu lililofungwa kamba. Njia kati ya mpira na shimo ikalainika kama kitanda cha bibi harusi, ndipo mkubwa akausukuma mpira wake. Bomba likiwa mbali, Wekoye alilainisha kwa soli ya kiatu. Huko hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa, mchanga hausemi uongo. Kila mpira unaacha mstari, na kabla ya kufuta mstari Wekoye aliusoma. Miaka kumi na sita ya kusoma, hata wewe mwenye digrii hukusoma hivyo. Alijua kwamba mpira ulio hatua moja kutoka shimoni huingia. Ulio hatua mbili, nusu huingia na nusu hukataa, hata kwa injinia mmoja aliyekuwa na vikombe vya ushindi sebuleni. Ulio hatua sita, mmoja katika kumi, na hata aliyeupiga huo mmoja huwa haamini. Lakini wakubwa walikosa kwa hatua sita wakatupa fimbo chini. "Leo nimerogwa!" Wekoye alifuta mstari. Mtu anarogwaje na jambo linalompata kila mtu?

Jioni, wakubwa wakishaenda kunywa, alicheza peke yake kwa fimbo kuukuu aliyoachiwa na mzungu mmoja. Mpira ukiingia, sawa. Ukikosa, sawa. Akawa mchezaji mzuri hivyo hivyo, bila kujigamba, jambo ambalo kwa mwanamume wa Bungoma ni ugonjwa.

Mwaka wa tisini na nne barua ikaja. Kampuni inapunguza watu, kiwanja kinapandwa miwa, na nyumba ya kampuni irudishwe mwisho wa mwezi. Wekoye aliisoma amesimama barazani, akaikunja mara nne, akaingia kula.

"Wamesema nini?" mkewe Nanjala akauliza.

"Tutoke."

"Twende wapi?"

"Mboga haina chumvi," akasema Wekoye.

Hakuwa na dharau. Ndani yake palikuwa kama mguu uliolaliwa usiku kucha. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hauleti habari yoyote. Siku zikapita hivyo. Watu walimpa pole, akawashukuru kama mtu anayepewa pole iliyomhusu jirani.

Ndipo ikasikika kwamba kilabu kimoja cha Kitale kinatafuta mtunza uwanja, kazi ya kudumu, na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo. Nanjala ndiye aliyemsukuma aende. Walioomba walikuwa wengi, wakachujwa mpaka wakabaki wawili, Wekoye na Gikonyo, aliyekuwa amebeba mifuko ya wachezaji wa hapo Kitale miaka ishirini. Kapteni wa kilabu, Jagdish, mwenye duka la majembe na misumari, alishindwa kuchagua. Kwa kuwa alipenda mzaha kuliko chakula, akaamua: "Chezeni. Atakayeshinda mashimo mengi ashike kazi. Mtu asiniambie anajua nyasi na mpira wake hauzijui."

Nanjala alimpigia shati pasi. "Utashinda?"

"Ikifika hatua mbili, ni nusu."

"We baba, wanaume wengine wakiulizwa hivyo wanasema ndiyo tu, mke apate usingizi!"

"Basi ndiyo."

"Sasa hiyo ndiyo gani?"

Jumapili hiyo Gikonyo alimngoja amevaa kofia ya kilabu, mikono kiunoni. "Sasa, mzee wa mchanga! Bomba umeliacha kwa nani bana?"

"Limepumzika."

"Ati ulikuwa unafagia njia kabla ya mpira? Si hata nyanya yangu angeingiza!"

"Lete nyanya yako Bungoma tumwone."

Jagdish alicheka, halafu akanyoosha kidole. "Wekoye, sikiza vizuri. Hapa njia ya mpira haiguswi. Ukiilainisha kwa mkono ama kwa mguu, shimo hilo umelipoteza."

"Nimesikia, kapteni."

Na kweli alisikia. Kila alipofika kwenye nyasi fupi za kuzunguka shimo alibana miguu pamoja kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mashimo matatu ya kwanza alipoteza yote, kwa sababu nyasi zina mteremko na mchanga wake wa nyumbani ulikuwa sawa kama meza. Mpira ulipinda ukaenda zake. Hakuhuzunika. Akiwa mbali aliacha kabisa kulitaka shimo. Akawa anataka tu mpira ulale karibu, auingize kwa pigo la pili, aende mbele.

Gikonyo alilitaka kila shimo. Akiwa hatua saba alipiga kama mtu anayedai haki yake, mpira ukapita, akarudi akakosa tena, akaitukana fimbo kwa Kikuyu. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyopiga kwa nguvu. Moja moja, mashimo yakarudi kwa Wekoye. Walipofika la kumi na nane, la mwisho, walikuwa sawasawa, na watu wa kilabu wameacha chai zao.

Nyasi za shimo hilo zilikuwa zimemwagiwa mchanga siku hiyo hiyo ili zisawazike. Gikonyo alimaliza kwa mapigo matano. Mpira wake, ukielekea shimoni, ulichora mstari mwembamba kwenye ule mchanga. Wekoye alikuwa amepiga matatu, na mpira wake ulilala hatua mbili. Akiuingiza, kazi ni yake. Akikosa, auingize kwa pigo la tano, watakuwa sawa na wataendelea na shimo jingine. Hakuwa na la kuogopa.

Alitembea kuelekea shimoni kuangalia mteremko. Chini ya soli, mchanga ulilia kidogo. Mbele yake ulikatiza ule mstari wa Gikonyo, mbichi, haujafutwa.

Mguu wa kulia ukatoka, ukapita juu ya mstari mara moja, mara mbili, taratibu, ukaacha njia safi mpaka shimoni.

Wekoye alikitazama kiatu chake.

"Ah, Wekoye," akasema Jagdish, na sasa mzaha haukuwemo. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Shimo limekwenda. Kazi ni ya Gikonyo."

"Ndiyo, kapteni."

Gikonyo alivua kofia, akaivaa tena. Wekoye akaurudia mpira, kwa kuwa haifai kuacha mpira hapo, akainama, akausukuma. Ukaenda kwenye ile njia safi, ukaingia.

"Nusu," akasema, akiutoa shimoni.

"Nusu gani?" Gikonyo akauliza, karibu kwa hasira. "Si umeingia wote!"

"Ule wa kukosa bado sijaupiga."

Alimpa Gikonyo mkono, akamwonyesha pale mchanga ulipomwagwa mwingi mno, kwamba aupunguze kabla ya mvua, la sivyo nyasi zitaoza. Gikonyo aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Nanjala alimwona akija kando ya miwa na hakumkimbilia. Alingoja mpaka afike mlangoni.

"Mpira ulikataa?"

"Mpira uliingia. Mguu ndio."

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbolea. Nanjala alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi mara moja, akabaki ameshika mikono yake. Alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta kitu, hasira, chozi, chochote cha kuanzia. Wekoye alisimama tu atazamwe.

"Ndugu yangu kule Cheptais ana chumba," hatimaye Nanjala akasema. "Kina mahindi, lakini yatahamishwa."

"Sawa."

"Ni sawa kweli?"

Wekoye alifikiri. "Sijui, mama. Sijafika huko bado."

Nanjala alivuta pumzi, akaingia ndani, na kelele za sufuria kuingizwa guniani zikaanza. Baadaye akaita kutoka chumbani, na Wekoye akavua shati la pasi, akalitundika, akaenda kushika upande wa pili wa kitanda.