Pampu ya Makuru

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa na homa. Ukitilia shaka njoo Morotonga, uulizie fundi pikipiki asiyejaza upepo, utaletwa mpaka kibandani kwangu na utaniona hivi nilivyo.

Mwaka jana tembo walinimalizia ekari mbili za mahindi. Mwaka huu nikaapa kwamba hawali hata bua moja, maana watoto wangu wangekula nini tena? Nilikuwa nimewaona askari wa wanyamapori wakiwafukuza kwa bunduki ya rangi, ile inayorusha vidonge vyenye rangi na pilipili ndani. Tembo akipigwa nayo anapiga chafya, anageuza njia. Kununua mpya sina ubavu huo. Lakini mimi si fundi? Nikasema nitaiunda mwenyewe, kipande kwa kipande.

Bodi, mtungi wa hewa na kopo la vidonge nilivipata kwa muuza vyuma chakavu. Vilitoka kwenye kambi moja ya watalii, ambako wageni walikuwa wanapigana rangi kwa starehe, watu wazima kabisa. Springi nikaitoa kwenye klachi ya pikipiki, oringi, ule mpira wa duara wa kuzuia hewa isivuje, kwenye kabureta, na chupa ya maji nikaigeuza juu chini iwe ya kulishia vidonge, ambavyo nilikuwa nimevidunga maji ya pilipili kwa sindano. Vyote vikakubali. Kilichobaki ni mtutu, na hapo, niamini, nilihangaika wiki nzima. Bomba likizidi upana kidogo tu, hewa inapita pembeni na kidonge kinadondoka miguuni pako. Likibana, kidonge kinapasukia ndani na pilipili yote inakurudia machoni. Wiki ile nililia sana.

Ndipo nikaiona pampu ya baiskeli, nyuma ya boksi la spana. Nikajaribu kidonge kwenye bomba lake, kikapita kinateleza, hakichezi wala hakikwami. Nikachukua msumeno, nikaikata.

Sasa nisikilize vizuri, maana aibu yangu iko hapa. Ile pampu haikuwa yangu. Ilikuwa ya jirani yangu Makuru, tuliyemzika mwaka jana. Aliniazima akiwa hai, na asubuhi ya siku yake ya mwisho alipita kwangu na baiskeli.

"Mura, nipe pampu yangu, tairi la nyuma linapungua."

Ndivyo alivyoniita siku zote, mura, yaani kijana. Pampu ilikuwa chini ya mizigo, na mimi nilikuwa nakunywa chai. Uvivu tu. Nikamjibu, "Nitakuletea jioni, kaka." Akacheka, akaenda hivyo hivyo shambani kwake. Jioni hiyo, wakati anarudi, tembo walimkuta njiani wakamuua. Baiskeli ilikutwa imelala pembeni yake, haina hata mkwaruzo, ila tairi la nyuma limekaa chini kabisa. Watu walishangaa kwa nini hakupanda akakimbia. Mimi sikushangaa. Nilinyamaza, nikachimba kaburi pamoja na wenzangu, nikala chakula cha msiba.

Basi bunduki ilipokamilika nikaenda nayo shambani. Jua lilikuwa limezama, lakini vichwa vya mahindi bado vilionekana. Nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha kulindia, nikasikia baiskeli inasukumwa barabarani, ringi inasaga mawe. Ikasimama mbele yangu. Mwenye nayo alikuwa amevaa kofia, imeshuka mpaka usoni.

"Habari za jioni, mura. Nisaidie pampu."

"Sina pampu, ndugu yangu."

"Na hiyo mkononi?"

Wewe ungejibu nini? Sauti nilikuwa naijua. Nilitaka kumwambia kaka nisamehe, Mungu ni shahidi yangu, lakini mdomo wenyewe ukatamka, "Nitakuletea jioni."

Akasema kwa upole, "Jioni ndiyo hii."

Wakati huohuo mabua yakaanza kuvunjika nyuma yangu. Tembo walikuwa wameshaingia. Nikageuka, nikawalenga, nikavuta. Kidonge hakikutoka. Nilisikia upepo tu, sss, mrefu, hauishi. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa mtutu, hapakuwa na upepo wowote. Ule mlio ulikuwa unatoka barabarani, kule alikosimama. Mtungi ukaisha. Nikasikia mtu anagonga tairi kwa vidole mara mbili, kama Makuru alivyozoea kulipima. Kengele ikalia, na baiskeli ikaondoka, safari hii imepandwa.

Sikupiga kelele. Sikugonga hata debe. Nilikaa na bunduki magotini, tembo wakala mpaka wakaridhika.

Kulipokucha nikavikusanya vipande vya pampu nikaenda kwa mjane wake, Mama Bhoke. Tangu msiba sikuwa nimekanyaga pale. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukuta wa jiko. Sijafungua hata mdomo, akaniambia, "Karibu shemeji. Ahsante kwa kujaza tairi."

"Tairi gani?"

Akaliminya kwa kidole gumba, lilikuwa gumu. "Tangu msiba lilikuwa chini. Leo nimeamka nimekuta limejaa. Nikasema huyu amekuja kimyakimya, anaona aibu. Pampu si iko kwako?"

"Kumbe ulijua?"

"Siku ile alivyotoka aliniambia anapitia kwako kuichukua. Mwaka mzima nimekaa hapa nasubiri useme mwenyewe, shemeji. Kila ukinisalimia sokoni nasema leo atasema."

Nikamweleza yote, nikilia. Hakunitukana, wala hakuniambia amenisamehe. Alivipokea vile vipande, akaviweka kwenye keria ya baiskeli, akarudi kuchochea moto wake.

Mpaka leo lile tairi halijapungua, na hakuna anayelijaza. Bunduki nimeitundika haina mtutu. Nimejaribu mabomba mengine, yote yanapasua vidonge. Mahindi hatukuvuna, unga tunanunua. Na kujaza upepo nimeacha, maana kila nikishika pampu nasikia ule mlio nyuma ya kisogo changu, na mtu anasubiri nimalize.

Kwa hiyo wewe unayesoma, angalia ndani kwako sasa hivi. Kama kuna kitu cha mtu, jembe, sufuria, hata sindano, inuka ukipeleke, mwenyewe akipokee kwa mkono wake. Na akija kukidai kabla hujaenda, weka chai chini umpe. Usimwambie jioni.