Shukrani Aliyopewa Nadine

Juzi, harufu ya michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, ilinirudisha kibarazani kwetu Runzewe. Alasiri moja, nikiwa mtoto, mama alikuwa akiwafundisha kusoma vijana wakimbizi kutoka Burundi, nami nimekaa pembeni nimenuna. Nadine, msichana aliyenizidi umri, alipitisha kidole chini ya maneno taratibu mpaka akaumaliza mstari mzima. Mama alimshika mikono yote miwili.

“Wabeja, mwanangu! Asante sana!”

Kisha akampakulia michembe yeye kwanza.

Niliona wivu. Mwanangu? Mimi nilikuwa nasoma kurasa nzima na sijawahi kuambiwa wabeja! Nikachungulia nyuma ya mlango, nikitafuta kuku au viazi alivyoleta hata ashukuriwe hivyo. Hapakuwa na kitu.

“Mama, kwani amekuletea nini?”

Mama alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikazidi kununa.

Siku hizi mimi ndiye mwalimu wa vijana kama wale. Hiyo juzi mmoja wao alisoma mstari wake wa kwanza, na wabeja ikanitoka kabla sijafikiri. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, ameikodolea macho mikono mitupu ya yule kijana.