Litania Iliyofika Kariakoo

Mwenye stashahada haanguki kwa kishindo kidogo, ndugu wasomaji. Tulikuwa tunarudi Kasulu kutoka hija Rwanda, na ndani ya basi alikuwemo Mama Editha wa Kabanga, ambaye nilitaka kumposa binti yake. Safari nzima nilimweleza kwamba huko Dar es Salaam nilikuwa afisa usafirishaji.

Tulipopita Kibondo, katekista aliniomba niongoze litania. Angemwomba nani mwingine? Nikashika kipaza sauti. Lakini tulikuwa tumekesha njiani, na jua la alasiri lilinibembeleza.

“Mtakatifu Yosefu!”

“Utuombee!”

“Mtakatifu Petro!”

“Utuombee!”

Nikasinzia. Mdomo ukarudia kazi yake ya zamani, ile iliyonilipia stashahada.

“Ubungo! Magomeni! Kariakoo!”

“Utuombee!” wakaitikia mahujaji, nao wakisinzia.

“Suka, shusha!”

Dereva akafunga breki. Nilipozinduka, basi zima lilikuwa linanitazama, na katekista anajifuta machozi ya kicheko. Mama Editha akanigusa bega kwa upole.

“Konda,” akasema, “mimi nitashukia Kabanga.”