Godoro Nyuma ya Gari

Kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, aliendesha gari la zahanati yetu ya mlimani tangu mimi nikiwa shule. Watu walimwita Taratibu. Kazi yake ilikuwa kuteremsha wagonjwa hadi hospitali ya chini, kwa njia ya mawe ambayo mvua ikinyesha hugeuka mto. Waliomsema kwa kuchelewa aliwajibu, "Haraka ninayo, ila mgonjwa ana mbavu."

Gari la zamani lilipokufa kabisa, kamati ya zahanati ilimwachia yeye achague jingine. Tulikwenda watatu kwenye yadi ya magari: yeye, mimi, na binti yake aliyekuwa akimpokea usukani siku za mapumziko.

Kaka alikuwa na desturi yake. Hakuanza na injini. Alitandika godoro kuukuu nyuma, akalala chali, kisha akamwamuru binti yake apite kwenye machimbo ya mawe yaliyokuwa nyuma ya yadi.

Muuzaji alicheka. "Mzee, gari hujaribiwa mbele."

"Mbele hukaa mzima," kaka akasema. "Nyuma ndiko analala mwenye shida."

La kwanza lilikuwa refu, tairi pana, na winchi puani ya kujivutia likikwama. Gari la namna hiyo nimemsikia akilisifu maisha yangu yote. La pili nalo lilivuta kwa magurudumu yote manne, lakini lilikuwa fupi kidogo, springi laini, usukani mwepesi. Alilala katika yote mawili. Baada ya hapo, kwa kawaida, yeye mwenyewe angeshika usukani. Safari hii hakuugusa. Alisimama dirishani kwa binti yake.

"Mama, mguu unafika klachi?"

"Unafika, baba, nikisogeza kiti."

"Kisogeze. Mikono je?"

"Hili halinichoshi. Lile kubwa lilinishinda kwenye kona."

"Basi ni hili."

Mimi nikadakia, "Kaka, humu magoti yako yatagonga usukani."

"Magoti yangu hayatakaa humo," akasema, akaanza kukunja godoro. Alilikunja nusu, akaegemea bodi kuvuta pumzi.

Binti yake alizima injini. "Baba, daktari alikwambia nini?"

"Kwamba moyo umechoka. Nikamwambia aliyeuumba anajua." Kisha akamgeukia muuzaji. "Na wewe, usitoze mcheko wako humo ndani ya bei."

Alitibiwa, akapumzika, akawa anakaa mlangoni akisikiliza gari likipanda. Alijua kwa mlio kama binti yake amebadili gia mapema au amechelewa. Tulimwomba Mungu amwongezee siku, na alimwongezea, ingawa si nyingi kama tulivyotaka.

Msimu wa mvua, asubuhi moja, pumzi ikambana. Binti yake alitandika lile godoro, nami nikapanda nyuma nikampakata kichwa. Nilijikaza nikingoja kurushwa. Gari likapita juu ya mawe kama mtu anayenyata asimwamshe mtoto.

"Mwambie atie gia ya kwanza kabla ya mteremko," kaka akanong'ona. "Asingoje kuteleza."

"Keshatia."

Akatabasamu. "Basi niacheni nilale."

Nikawa nasali kimoyomoyo. Kabla hatujafika daraja, kifua chake kilitulia. Niliweka kiganja puani pake, nikasubiri, nikasubiri tena. Kioo cha nyuma ya dereva kilikuwa karibu na mkono wangu, lakini sikugonga. Mbele kulikuwa na mawe bado, na mtoto alikuwa peke yake na usukani. Nikamfumba kaka macho, nikaendelea kumshika kichwa kisiyumbe.

Kwenye lango la hospitali binti yake aliruka chini, matope hadi magotini, akija kufungua nyuma.

"Baba mdogo, sikumtikisa, eh?"

"Hukumtikisa, mwanangu," nikasema. Nikashuka upesi kwa juu ya bodi, nikamshika mikono yote miwili kabla haijafika kwenye komeo.